Kabla ya Kuaga Kazi, Jua Ilikuwa Inakupa Nini

Mtu anayekaribia kustaafu akiulizwa atafanya nini, jibu huwa tayari mdomoni: nitapumzika, nitasafiri, nitasoma vitabu. Vyote vizuri, ila huisha utamu mapema. Mapumziko hunoga kwa sababu kuna kazi kabla yake na kazi baada yake. Mwanasosholojia Robert Atchley alilieleza hilo tangu miaka ya 1970: kwanza huja kipindi cha fungate, kisha hamu hukatika, ndipo mtu huanza kujipanga upya. Kwa hiyo ukijikuta umepwaya miezi michache baada ya sherehe ya kuagwa, usishtuke. Lakini huzuni ikikushika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi au hamu ya kula vikapotea, muone daktari. Hilo si la kujipanga upya tu.

Pa kuanzia ni karatasi. Marie Jahoda, aliyechunguza maisha ya watu waliokosa ajira, alionyesha kwamba mbali na mshahara kazi humpa mtu mambo matano: mpangilio wa siku, watu, lengo la pamoja, hadhi, na shughuli ya kila mara. Yaandike, na mbele ya kila moja eleza ulilipata kupitia kitu gani hasa. Usiandike "wenzangu". Andika "dakika kumi za asubuhi na mtunza stoo, kabla simu hazijaanza". Mbele ya hadhi usiandike "umeneja". Pengine kilichokupa raha si kile kiti, ni kuitwa pale wengine wamekwama. Mtu wa namna hiyo akipewa uenyekiti wa kamati atachoka upesi, lakini akikaa na vijana wanaojifunza ufundi wake, saa zitampita bila kujua.

Ukishaona pengo, chagua jambo moja la kulijaribu kwa miezi mitatu, mara mbili kwa wiki, siku na saa zilezile. Sharti kubwa ni hili: pawe na mtu atakayekuulizia usipofika. Shughuli isiyomngoja mtu huahirishwa, na ikiahirishwa mara tatu imekufa. Kama bado uko kazini, anza mwaka mmoja kabla, hata kwa Jumamosi moja moja. Usihangaike kuziba saa 40 zote za wiki. Kumi zinatosha kwa kuanzia.

Mitego ipo. Habari za kustaafu kwako zikisambaa, kila kikundi kitakutaka uwe katibu au mweka hazina, kwa kuwa "sasa una nafasi". Kataa vyeo kwa miezi sita ya kwanza. Kusaidia kazi bila cheo ruksa. Mtego wa pili huumiza zaidi: kuchukua kiinua mgongo na kufungua biashara usiyoijua, ili tu uwe na pa kwenda asubuhi. Nenda kwanza ukafanye kazi kwenye biashara ya mtu mwingine ya aina hiyohiyo, ushike daftari la mauzo, uone mwezi mbaya unavyokuwa.

Na nyumbani usijifanye meneja. Kama mwenzako alizoea kushinda peke yake, siku hiyo ina utaratibu wake. Kaeni mkubaliane mapema: saa zipi ni za pamoja, chumba kipi kila mmoja aachiwe, na chakula cha mchana ni zamu ya nani.