Mfereji wa Erie ulilipiwa na nani?

Si serikali kuu ya Marekani, ndugu. Rais Madison aliukataa muswada wa fedha za barabara na mifereji Machi 1817, akisema katiba haimpi mamlaka hayo. Jimbo la New York, chini ya gavana DeWitt Clinton, likakopa lenyewe kwa kuuza hati za dhamana. Gharama ikafika kama dola milioni 7.

Kazi ilianza Julai 1817, ikaisha Oktoba 1825: kilomita 584 kutoka Albany hadi Buffalo, upana futi 40, kina futi 4 tu. Mashua zilipandishwa na kushushwa kwa vyumba 83 vya maji vyenye milango. Hapo ndipo palipowasumbua wajenzi, maana chokaa ya kawaida haigandi ndani ya maji, kuta zinavuja. Mhandisi Canvass White akapata karibu na kijiji cha Chittenango, jimboni humo, mawe ya kutengenezea saruji inayoganda majini.

Nauli ya tani moja ya mzigo, Buffalo hadi jiji la New York, ilishuka kutoka takriban dola 100 hadi 10 hivi. Ushuru wa kupita mferejini ukalipa deni, na mfereji ukazidiwa haraka na mashua: 1836 wakaanza kuupanua.