Maswali na Majibu: Nani Anayekusikiliza?

Tangu tuanze kuzungumzia balagha ya kale, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, ya Wagiriki na Wachina, nusu ya maswali mnayoleta ni swali moja lililobadilishwa nguo. Nalitanguliza.

*Ni kweli Wachina wa kale hawakubishana kwa hoja, walitii tu?*

Si kweli. Wafuasi wa mwanafalsafa Mozi waliandika kanuni za mabishano kabla ya mwaka 221 KK. Mencius, mfuasi wa Confucius, aliambiwa anapenda ubishi, akajibu kwamba hana budi. Mjini Linzi, watawala wa dola ya Qi waliwatunza wasomi wa chuo cha Jixia wakae wajadiliane, mwanafalsafa Xunzi akiwa mmoja wao. Sitalijibu tena.

*Basi Wagiriki walitofautiana nao wapi?*

Kwa msikilizaji. Pale Athens msemaji alikabili umati: raia maelfu mkutanoni, mamia mahakamani. Mahakamani saa ya maji ilimpimia muda, mpinzani naye akapewa wake, kisha kura. Ndiyo maana Aristotle anafundisha jinsi ya kuaminika, kuamsha hisia na kupanga hoja mbele ya watu usiowajua mmoja mmoja.

Katika China ya Falme Zinazopigana, enzi ya kabla ya mwaka 221 KK dola kadhaa zilipopigana, mara nyingi msikilizaji mkuu alikuwa mtu mmoja, naye ana uwezo wa kukuua. Han Fei, mwanafalsafa wa enzi hiyo, anasema ugumu wa kushawishi si kukosa maarifa wala ufasaha, ni kuujua moyo wa unayemwendea. Anasimulia juu ya tajiri wa dola ya Song aliyebomokewa na ukuta kwa mvua. Mwanawe akamwambia usipojengwa wezi wataingia, na jirani akasema vilevile. Usiku wakaibiwa. Mtoto akasifiwa kwa akili, jirani akashukiwa wizi. Maneno yaleyale! Kwa kumchunguza msikilizaji kiasi hicho, naona Han Fei anampita Aristotle, na wanaokasirika wakasirike.

*Tupe mfano wa ushawishi wa Kichina uliofaulu.*

Dola ya Qin iliposhambulia dola ya Zhao, Qi ilikubali kuisaidia Zhao kwa sharti la kupewa mwana mdogo wa malkia mama wa Zhao awe mateka. Malkia akaapa kumtemea mate usoni atakayelitaja tena. Mzee Chu Zhe, ofisa wa Zhao, akaingia akijikokota, akaomba radhi kwa miguu mibovu, akamuuliza malkia anakula nini. Uji, akajibiwa. Kisha akamwombea mwanawe kitinda mimba kazi ya ulinzi wa jumba. Malkia akashangaa: kumbe wanaume nao hupenda vitinda mimba? Kuliko wanawake, mzee akasema, na malkia akacheka. Hapo ndipo alipomwonyesha kwamba mtoto mwenye cheo kikubwa asiyeitumikia nchi hatakuwa na pa kusimama mama akifa. Mtoto akapelekwa, na jeshi la Qi likatoka.

Mkusanyaji wa hadithi za namna hii ya malkia, Liu Xiang, aliishi karne mbili baadaye. Msizisome kama kumbukumbu za kikao.

*Wagiriki walikuwa huru, ndiyo maana walisema wazi. Unakubali?*

Nusu. Wanawake, watumwa na wageni hawakupiga kura. Lysias, mtunzi hodari wa hotuba za mahakamani, alikuwa mgeni mkazi, akawaandikia wengine wakaziseme. Na Isocrates, mwalimu wa balagha wa Athens, alipotaka jambo kwa Philip wa Macedonia mwaka 346 KK, hakungoja kura. Alimwandikia mfalme.

*"Farasi mweupe si farasi." Upuuzi gani huu?*

Ni hoja ya Gongsun Long, mwanafalsafa wa Kichina wa enzi hiyohiyo. Ukiagiza farasi, mweusi atafaa. Ukiagiza mweupe, hafai. Ijibu kwanza, halafu ucheke.

*Nimeletewa nukuu ya Sun Tzu kuhusu kumshawishi bosi. Ni yake?*

Muulize aliyeileta iko sura ya ngapi. Kitabu chake kina sura 13 tu, na ni cha vita. Na anayekutoza ada ya semina kwa nukuu za namna hiyo, mkimbie.

*Han Fei mwenyewe alifaulu?*

Hapana. Mwanahistoria wa kale Sima Qian anaandika kwamba alikuwa na kigugumizi, na kwamba alikufa gerezani Qin mwaka 233 KK, kwa sumu aliyoletewa na Li Si, waliyesoma naye kwa Xunzi. Mfalme wa Qin alijutia uamuzi wake wa kumfunga akiwa amechelewa.

*Nina mdahalo wa shule wiki ijayo. Nimfuate nani?*

Aristotle, maana kuna majaji na zamu ya kujibu. Han Fei mweke hadi siku utakapomwomba mkuu wa shule ruhusa.