Rozari ikiisha, mjane anabaki na nani?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: imani ya mtu inaonekana katika ibada zake, au katika anavyowatendea wenzake? Jibu langu ni hilo la pili, na nalitoa nikiwa muumini wa misa ya Jumapili na rozari ya jumuiya. Ibada naipenda. Ninachokikataa ni kuigeuza risiti, kana kwamba ukishahudhuria umemaliza deni lako kwa Mungu, na jirani hana cha kukudai tena.

Iko sehemu moja huko Rwanda ambako swali hili lilijibiwa kwa damu, tena mara mbili. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wa Nyange walikimbilia kanisa la parokia yao. Ndiko walikobatizwa, ndiko walikofungia ndoa. Wangekimbilia wapi kwingine? Tarehe 16 kanisa lilibomolewa kwa buldoza huku wakiwa ndani, na watu wasiopungua 1,500 wakauawa. Padri aliyekuwa akihudumu hapo, Athanase Seromba, alishtakiwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Mwaka 2008, kwenye rufani, alihukumiwa kifungo cha maisha.

Miaka mitatu baada ya mauaji yale, Machi 1997, watu wenye silaha waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Nyange hiyo hiyo. Wanafunzi walikuwa madarasani wakijisomea. Wakaamriwa wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wakagoma. Wakajibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Walimiminiwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono. Wengine walikufa, wengine wakabaki na vilema, na leo taifa lao linawahesabu kuwa mashujaa. Padri alikuwa na daraja takatifu na ufunguo wa tabernakulo. Vijana wale walikuwa na madaftari tu. Mtu akiniuliza ni nani kati yao aliyeishika amri ya kumpenda jirani, sihitaji kufikiri mara mbili.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba sala haina kazi. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, huko huko Rwanda, alikuwa mtu wa sala, mwanamke aliyeyatoa maisha yake yote kwa utumishi wa Kanisa. Mwaka huo huo wa 1994 aliwaficha watu katika kituo alichokuwa akihudumu, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma, upande wa Kongo. Kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi, akataka kumtoa hapo kabla wauaji hawajafika. Félicité alimwandikia kwamba ni afadhali afe pamoja na watu 43 aliokuwa nao kuliko kujiokoa na kuwaacha. Akauawa pamoja nao. Naamini kabisa sala zake za miaka yote ndizo zilizompa nguvu ya kuiandika barua ile.

Wala jambo hili si la Wakristo peke yao. Desemba 2015 karibu na El Wak, Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi la kwenda Mandera wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, katika eneo hilo la Mandera, watu 28 walikuwa wameshushwa kwenye basi na kuuawa kwa kutengwa namna hiyo hiyo. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwagawia wenzao Wakristo mitandio wajifunike, wakawaambia washambuliaji: tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa msimamo huo, na Januari 2016 akafariki. Alikuwa akiiishi Suratul Maun, sura fupi ambayo watoto wa madrasa wanaihifadhi mapema, inayowaambia wanaosali kwa kujionyesha huku wakinyima msaada kwamba ole wao. Isaya naye, sura ya 58, anasema saumu aliyoichagua Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kumgawia mwenye njaa chakula chako.

Wengi wetu hatutasimamishwa njiani na mtu mwenye bunduki. Sisi tunapimwa na mambo ya kila siku: mshahara wa dada wa kazi unaocheleweshwa wakati mchango wa ujenzi wa kanisa umeshalipwa, mpangaji anayetolewa nje mwezi wa mfungo. Ila linaloniuma kuliko yote ni mirathi.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mume. Tulisali rozari kila jioni, kwaya ikaimba, rambirambi zikasomwa majina. Matanga yalipoanuliwa, shemeji yake alimletea muhtasari wa kikao cha ukoo atie sahihi. Kikaoni hakuwa ameitwa. Niliiona karatasi yenyewe: kurasa mbili za daftari zilizochanwa, na kwenye orodha ya mali imeandikwa "nyumba moja ya ukoo". Nyumba hiyo yeye na marehemu waliijenga wenyewe, na matofali walifyatua kwa mikono yao, mvua za masika zikawaharibia tanuri la kwanza wakaanza upya. Huyo shemeji ndiye anayetusomea somo la kwanza Jumapili.

Kina mama wawili wa jumuiya walimwambia asitie sahihi. Wakaongozana naye hadi Mahakama ya Mwanzo kuweka pingamizi, wakakaa naye kwenye benchi la nje tangu asubuhi, zamu ya usafi wa kanisa ikawapita. Walilaumiwa. Wapo waliosema tulikwenda pale kuomba, hatukwenda kuingilia mambo ya ukoo. Mimi nasema benchi lile lilikuwa mahali pa ibada kuliko viti vyetu vya plastiki vya msibani, maana ndiko mjane alikohitaji mtu wa kukaa ubavuni mwake.

Tangu hapo nimekuwa nikisukuma pendekezo moja katika jumuiya: tukienda msibani, rozari ikiisha, wawili wetu wabaki na mjane na kumuuliza kwa upole. Cheti cha ndoa kiko wapi? Hati ya kiwanja ina jina la nani? Cheti cha kifo kimeanza kufuatiliwa? Kikao cha ukoo kinakaa lini, na je, ameitwa? Baadhi wamekubali. Wengine wanaona ni mapema mno kuzungumzia karatasi wakati kaburi bado bichi. Nawaelewa, ila sikubaliani nao, kwa sababu wanaoitaka nyumba huwa hawangoji kaburi likauke.