Muulize Fundi: Nikikanyaga breki usukani unatetemeka, nibadilishe diski?

Swali: Habari za kazi fundi. Nina Toyota IST, natembea nayo sana Iringa kwenda Dar na kurudi. Nikiwa nashuka mlima Kitonga nikakanyaga breki usukani unatetemeka mpaka mikono inasikia, spidi ikishuka inatulia. Fundi wangu alisema diski za mbele zimepinda akazipeleka kuchonga, ikawa safi kabisa, afu baada ya muda mfupi imerudi vilevile. Sasa anasema ninunue mpya. Nauliza, ni kweli zimekwisha au nataka kuliwa hela? Na mpya nazo si zitarudia yaleyale? – Msomaji, Iringa

Jibu: Ndugu yangu pole, na hilo swali lako la mwisho ndo lenyewe hasa, kwa sababu watu wengi wananunua diski mpya, wanafunga, wanafurahi wiki kadhaa afu wanarudi gereji kugombana na muuza spea wakati diski haikuwa na kosa.

Kwanza tuelewane, diski kupinda kama sahani hivi ni jambo la nadra sana. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba unene wa diski unakuwa haulingani, huku nene kidogo kule nyembamba kidogo, tofauti ambayo kwa macho huioni kabisa. Sasa gari likiwa kwenye spidi, pedi, yaani vile vipande vinavyoibana diski, zinapita kwenye nene zinasukumwa, zinapita kwenye nyembamba zinaachia, nene, nyembamba, nene, nyembamba, na huo ndo mtetemo unaoupata mikononi.

Inakuwaje mpaka unene unatofautiana? Angalia hapa. Diski inakaa juu ya habu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa. Kama habu ina kutu au kuna uchafu umebaki katikati, diski inakaa upande, kidogo sana, ila inatosha. Magari mengi madogo yanataka diski isiyumbe zaidi ya kama milimita 0.05, ambayo ni chini ya unene wa karatasi ya daftari, kwa hiyo hata gamba dogo la kutu linaharibu. Inapoyumba, kila mzunguko sehemu ileile inaigusa pedi hata kama hujakanyaga breki, unaendesha kilomita na kilomita huku inalika palepale, mpaka siku unaanza kusikia mtetemo. Ndo maana yako ilitulia ilipochongwa ikarudi, walichonga diski ila nadhani habu hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo ukienda gereji simama pale uangalie. Diski ikitoka, habu ipigwe brashi ya waya na msasa mpaka ing'ae, hasa kuzunguka misumari ya nati na ule mduara wa katikati, ukipitisha kidole usisikie kitu. Diski ya Toyota ikiwa imegoma kutoka usikubali ipigwe nyundo kwa hasira, ina matundu mawili yenye nyuzi, unaingiza bolti mbili za M8 unakaza kidogo huku kidogo kule inajisukuma yenyewe. Ikisharudishwa, fundi mwenye dayo geji, kile kipimo cha mshale kinachoonyesha kuyumba kudogo, aipime inavyozunguka, na kama inayumba aitoe aizungushe tundu moja aijaribu tena, mara nyingi inakubali bila kununua kitu.

Sasa je zako zimekwisha? Hilo si la kubahatisha, linapimwa. Diski nyingi zimeandikwa pembeni au kwenye kofia yake unene wa mwisho, tafuta MIN TH na namba ya milimita, ikiwa na kutu isugue utaiona. Diski ikiwa chini ya hapo inatupwa, wala usichonge. Ikiwa juu kidogo tu ya hapo pia usichonge maana mashine itaishusha chini, na diski nyembamba inapata moto haraka na inaweza kupasuka, na wewe unashuka Kitonga ndugu yangu. Angalizo kwa wanaopima kwa venia, kile kipimo chenye taya mbili za kubana: diski iliyochakaa inaacha ukingo pembeni ambao pedi haiufikii, venia inakaa juu ya ule ukingo inakudanganya kwamba diski bado nene. Weka sarafu moja kila upande ndani ya ukingo, pima vyote pamoja, afu toa unene wa sarafu zote mbili. Mikromita ikiwepo ni bora zaidi.

Ukibadilisha, badilisha mbili za mbele kwa pamoja na pedi mpya, usiweke pedi zilizokwishazoea mabonde ya diski ya zamani. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, yaoshwe yote kwa dawa ya kusafishia breki, au maji ya moto na sabuni afu ikauke vizuri. Kalipa, ile inayoshika na kubana pedi, isiachwe inaning'inia kwa mpira wake wa mafuta, ifungwe na waya kwenye springi. Pini za kalipa zivutwe zisafishwe na zipakwe grisi ya breki inayostahimili moto, pini ikiganda pedi moja inabaki imebana muda wote na hiyo peke yake inakuchoma diski mpya. Nati za tairi zikazwe kwa kuruka, hii afu ile ya upande wa pili, kwa IST ni kama Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na siyo mtu kupanda juu ya spana na miguu yote miwili kama tunavyoona kwa wazee wa pancha. Kukaza kupita kiasi na bila mpangilio nako kunaivuta diski ikae vibaya.

Na hili naomba sana mlishike wote mnaojifungia wenyewe: gari likae juu ya stendi, jeki peke yake isiaminiwe, na kabla hujaliondoa pampu pedali ya breki mpaka iwe ngumu. Pistoni inayosukuma pedi imerudishwa ndani, kanyago la kwanza linazama mpaka chini bila gari kusimama. Usigundue hilo ukiwa barabarani.

Baada ya hapo tafuta barabara tupu, nenda kama 50, punguza taratibu mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia kama mara nane hadi kumi ukiacha nafasi zipoe. Na mlimani shuka na gia, zima O/D (ile gia ya juu ya mwendo kasi), weka 2, ikibidi L, breki ukanyage kwa vipindi siyo kuilalia kutoka juu mpaka chini. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji yanashuka mpaka kama 140, na yakichemka pedali inakuwa laini haina kitu. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili hivi.

Swali: Salaam fundi. Naishi karibu na bahari, asubuhi naona diski za Probox yangu zina kutu nyekundu na nikianza kutembea zinakwaruza. Mekanika ameniambia zimeisha. – Msomaji, Mombasa

Jibu: Wa alaikum salaam. Diski ni chuma cha kawaida, hewa ya chumvi na umande wa usiku vinatosha kuifanya nyekundu. Ukikanyaga breki mara chache ikasafishika na kelele ikaisha, hiyo ni salama, usinunue kitu. Ila kelele ikiendelea ya chuma kusaga chuma, tazama pedi leo hii, zikibaki milimita 3 au pungufu badilisha. Na gari likiwa limekaa muda mrefu kutu ikachimba vishimo kwenye uso wa diski, au kukawa na ufa unaofika pembeni, hapo mekanika wako yuko sawa.

Swali: Fundi, nikitoka safari napenda kuosha gari hapohapo, kuna jamaa ananiambia naharibu breki. Kweli? – Dada wa Morogoro

Jibu: Kweli dada. Maji ya baridi juu ya diski ya moto yanaweza kuipasua au kuiharibu umbo. Acha ipoe nusu saa, osha bodi kwanza, matairi mwisho, afu tembea kidogo ukibonyeza breki zikauke kabla ya kupaki.