Msimu wa michezo ya kuigiza chuoni: anzeni na majina ya wanafunzi, kitabu cha mchezo kitakuja baadae

Mkuu mleta mada, umesema idara imekukabidhi kupanga michezo minne ya kuigiza ya mwaka ujao, una wanafunzi kama thelathini, na kila mtu anakusukumia mchezo mkubwa wa kufungulia msimu ili chuo kizima kijue mpo. Ukauliza uanze na upi. Mi nilisoma kwenye programu ya namna hiyo miaka mitatu, afu nikarudi miaka miwili kusaidia nyuma ya jukwaa, kwahiyo nimeshuhudia misimu mitano ikipangwa, na naomba nikujibu kwa urefu maana hili jambo liko moyoni mwangu kabisa.

Mwaka wangu wa kwanza msimu ulipangwa hivyohivyo unavyoshauriwa wewe. Walimu walikaa wakachagua michezo minne yenye majina makubwa, mabango yakachapwa, ndo wakaja kutufanyia usaili wa kuchagua waigizaji. Sasa mchezo wa kufungulia ulikuwa na wahusika 18, na 14 kati yao ni wanaume. Sisi darasani tulikuwa 29, wasichana 22 na wavulana 7. Unaona tatizo lenyewe. Wale vijana saba kila mmoja akabeba nafasi mbili, wanabadilisha maleba, yaani nguo za jukwaani, gizani mpaka wanatokea jukwaani shati limegeuzwa nje ndani, na wasichana kumi na kitu wazuri kabisa wanashona na kupiga pasi nguo za watu wengine mwaka mzima. Mchezo wa pili na wa tatu sura ni zilezile, maana dairekta ana wiki sita tu na anataka mtu aliyeshamzoea. Kufikia mwisho wa mwaka watu sita walikuwa wameigiza michezo yote minne, kuna kumi na moja hawajakanyaga jukwaa hata mara moja, na watano kati ya hao waliacha kozi. Mimi nilikuwa kwenye hao kumi na moja, nilibaki kwa sababu tu nilikabidhiwa daftari la stejimeneja, yule anayeongoza kila kitu nyuma ya jukwaa onyesho likiendelea, na nikalipenda.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine wa uongozaji, na alichofanya siku ya kwanza sijawahi kukisahau. Hakushika kitabu chochote. Alichora jedwali ubao mzima, majina yetu yote yanashuka upande wa kushoto, juu kaweka michezo minne ya mwaka ule na minne ya mwaka utakaofuata ambayo bado haina majina. Akasema kila jina lazima lipate herufi M angalau mara moja, yaani mbele, na N angalau mara moja, yaani nyuma, iwe taa, sauti, seti (yaani mandhari inayojengwa jukwaani), maleba, vifaa au daftari, kabla mtu hajamaliza masomo. Halafu kila mmoja wetu akaandika kwenye karatasi kitu kimoja cha jukwaani kinachomtisha. Kuimba peke yake, kuigiza mzee, kusimama kimya muda mrefu, kugombana na mtu kimwili, vitu kama hivyo. Zile karatasi akaziweka kwenye bahasha na ndo zilichagua michezo. Alituambia msimu wa chuo ni mtaala, kwamba mwanafunzi anakaa hapa miaka mitatu tu na asipokutana na kitu fulani katika hiyo michezo ataondoka bila kukijua, kwahiyo ukipanga mwaka mmoja peke yake bila kuangalia mwaka unaofuata umeshawapunja baadhi yao.

Kwa darasa letu lililojaa wasichana alituletea Wanawake wa Troya wa Euripides, mwandishi wa Ugiriki ya kale. Mchezo uliigizwa Athens mwaka 415 kabla ya Kristo, vita imeisha, mji umeanguka, na jukwaani wamebaki wanawake wanaosubiri kugawiwa kwa washindi. Malkia Hekuba yupo toka mwanzo mpaka mwisho, kuna Kasandra, Andromake, Helen, afu kuna korasi ya mateka, yaani kundi linalosema na kuimba pamoja, ambayo unaweza kuiweka watu 12, 15, hata 18 na wote wana kazi ya kweli, wanasema, wanaimba, wanatembea kama mwili mmoja. Wanaume ni wachache, nafasi zao zinahesabika. Yaani ule mchezo ni kama uliandikwa kwa orodha yetu. Na korasi inafundisha kitu ambacho nafasi kubwa haifundishi, kumsikiliza mwenzako mpaka pumzi zenu zinaingia pamoja. Wiki nzima ya kwanza tulikuwa tunapumua tu na kutembea, watu wakalalamika, wiki ya tatu hakuna aliyelalamika tena.

Hapo hapo niongelee haki za mchezo maana watu wengi wanajikwaa hapa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi kwa angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na nchi nyingi zimeweka 70. Kwahiyo Euripides ni wa bure, Shakespeare aliyefariki 1616 ni wa bure, Ibsen na Chekhov waliofariki 1906 na 1904 pia. LAKINI tafsiri ina haki zake peke yake. Mfano unaojulikana, Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, sasa Shakespeare ana zaidi ya miaka 400 kaburini ila Nyerere amefariki 1999, kwahiyo maneno ya Kiswahili yale bado yanalindwa na inabidi uombe ruhusa. Sisi tulichofanya na Euripides tulichukua tafsiri ya zamani ambayo muda wake umeshaisha, tukaweka Kiswahili chetu wenyewe, kila kikundi kipande chake, ikawa ni kazi ya darasa muhula mzima. Ilikuwa tamu sana ile kazi. Kuna mstari mmoja wa Hekuba akimlaza mjukuu wake aliyeuawa tuliugombania siku mbili, mpaka mtu mmoja akausema kwa sauti akiwa amekaa chini kabisa, na ndo tukajua maneno yapi yanabaki.

Na usifikirie kwamba utachukua mchezo wa mwandishi aliye hai, au aliyefariki juzi, ukabadilisha wahusika wanaume kuwa wanawake bila kuuliza. Mwandishi Samuel Beckett mwaka 1988 alienda mahakamani dhidi ya kundi la Uholanzi lililoigiza mchezo wake Waiting for Godot, ambao wahusika wake ni wanaume, kwa waigizaji wanawake. Alishindwa kesi, lakini fikiria chuo chenu mko kwenye hiyo hali wiki mbili kabla ya onyesho. Sisi mwaka wa kwanza tulifanya mazoezi wiki tatu ndo ikajulikana hakuna aliyeomba kibali, tukasimama, tukaanza mchezo mwingine. Omba kabla ya usaili, pata jibu la maandishi, na useme wazi kama mnakusudia kupunguza kurasa.

Sasa nyuma ya jukwaa, na hapa utaniwia radhi nitakaa kidogo. Mwaka wa pili nilikuwa stejimeneja wa ule mchezo wa Troya. Daftari langu lilikuwa na skripti ukurasa wa kulia, na kushoto michoro ya nani anasimama wapi, na pembeni kwa penseli namba za ishara zote, yaani kila mahali taa au sauti inapobadilika, taa 64, sauti 21. Penseli tu, maana vinabadilika mpaka siku ya mwisho. Kwenye hedseti tulikubaliana neno moja la kutoa ishara, "twende". Nasema "taa kumi na saba, tayari", mtu wa taa anajibu "tayari", afu nasubiri, nasubiri mpaka mwigizaji anamaliza kugeuza kichwa, "twende", na mwanga unashuka. Neno hilo halitamkwi kwenye hedseti kwa sababu nyingine yoyote. Usiku wa pili wa onyesho kijana mmoja wa kuhamisha seti akamnong'oneza mwenzake "tukimaliza hii twende nje tukapumzike" na hedseti yake ilikuwa wazi. Dada wa mwaka wa pili aliyeshika taa kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akabonyeza. Giza likaingia katikati ya sentensi ya Andromake, mtoto amenyang'anywa tu mikononi mwake, na ukumbi mzima kimya.

Nilichokisikia kwenye hedseti ni pumzi ya yule dada, haraka haraka, anakaribia kulia. Nikamwambia kaa hapohapo, usirudishe ghafla, rudisha taratibu, hesabu mpaka nane. Na jukwaani yule aliyeigiza Andromake hakusimama, aliendelea kusema gizani, na mwanga ukarudi polepole usoni kwake kama kunakucha. Dairekta kesho yake alisema ibaki hivyo na nikaandika ishara mpya kwenye daftari, kwa penseli. Ila yule kijana hatukumfokea. Tuliweka tepu nyekundu kwenye kila swichi ya kipaza sauti, basi.

Kuna jambo sitaki ulione dogo, milango. Wiki ya ufundi, ile ya mwisho ya kuunganisha taa, sauti na seti, watu wamechoka, seti ni kubwa, na sehemu pekee ya kuegesha jukwaa la magurudumu unakuta ni mbele ya mlango wa dharura. Usiruhusu hata dakika tano. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois kule Chicago uliungua onyesho la mchana, cheche ilitoka kwenye taa ikashika pazia, milango mingine imefungwa, mingine inafunguka kwa ndani na watu wameshaisukumia kwa miili yao. Zaidi ya watu 600 walikufa, wengi wanawake na watoto. Mi kila jioni kabla ya kufungua ukumbi nilikuwa natembea milango yote kwa mkono, naisukuma, nafungua, nafunga, ndo naweka tiki.

Turudi kwa yule dada wa taa. Kwenye jedwali alikuwa na N mbili na hana M, na kwenye karatasi yake ya bahasha aliandika kinachomtisha ni kuangaliwa. Mwaka wa tatu akapewa mchezo mdogo wa watu wawili ulioandikwa na kuongozwa na wanafunzi wenyewe, watazamaji hamsini wamekaa karibu kabisa. Mazoezi ya kwanza na taa wenzake wengi wanasimama nusu mtu gizani na dairekta anapiga kelele ingia kwenye mwanga. Yeye alipita akasimama palepale, bila kuangalia tepu ya alama sakafuni. Nikamuuliza umejuaje, akasema "nimefuata joto shavuni, si niliitundika mwenyewe hii taa". Mwigizaji aliyewahi kukaa kwenye ngazi ya taa anajua jukwaa kwa namna ambayo hutaweza kumfundisha darasani.

Kwahiyo ukiniuliza michezo minne igawanyike vipi, mi nisingefanya minne mikubwa. Mmoja wa kundi kubwa kama ule wa korasi, mmoja wa kawaida wenye watu nane au kumi, na miwili midogo inayoongozwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, bila seti yoyote zaidi ya meza na viti. Ule mkubwa usiuweke mwanzo wa mwaka, wale wapya hawajajuana na wewe hujawajua. Anza na mdogo. Na kati ya onyesho moja na mazoezi ya lingine acha angalau wiki mbili tupu, na usisogeze wiki ya ufundi karibu na mitihani, hiyo nimeiona ikivunja watu.

Usiku wa mwisho wa kila mchezo hakuna anayeondoka mpaka seti imebomolewa. Wote, Hekuba na mtu wa sauti na mkuu wa idara kama yupo. Misumari inang'olewa inanyooshwa inarudi kwenye kopo, mbao zinapangwa kwa urefu, sakafu inapakwa rangi nyeusi upya. Tulikuwa tunamaliza karibu alfajiri. Pale ndo nilikuwa naona kama msimu unaenda sawa, naangalia tu nani anamshikia nani ngazi.

Kesho kabla hujafungua kitabu chochote chora hilo jedwali, majina thelathini na nafasi za miaka miwili, ujaze M na N za mwaka uliopita kwanza. Ukiona safu zilizo wazi utajua mchezo wa kufungulia unahitaji watu wangapi na wa aina gani. Liweke hapa bila majina yao halisi, idadi ya wasichana na wavulana inatosha, nitapita jioni tuangalie pamoja michezo ipi inaingia.