Jasho la mchimbaji na bei ya tanzanite

Swali: Mimi ni mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa tanzanite hapa Mererani. Shuleni tulifundishwa kwamba thamani ya kitu inatokana na kazi iliyotumika kukipata. Mbona tumechimba mwaka mzima tukaambulia patupu, na shimo la jirani wametoa jiwe la mamilioni ndani ya wiki mbili? Na mbona maji, ambayo bila hayo hatuishi, ni rahisi kuliko jiwe la kuvaa kidoleni?

Jibu: Pole na kazi, ndugu yangu. Ulichofundishwa kina mizizi kwa wanauchumi David Ricardo na Karl Marx. Lakini Marx, katika kitabu chake cha 1867, hakupima jasho la mtu mmoja mmoja. Alipima wastani wa kazi ambayo jamii hulazimika kuitumia, na almasi alizitaja waziwazi: ni adimu, hivyo kuzipata hugharimu, kwa wastani, kazi nyingi. Kwa hesabu hiyo, shimo lako tupu limo ndani ya bei ya jiwe la jirani, ila fedha haziji kwako.

Mimi naegemea upande mwingine. Mwaka 1871 wanauchumi Carl Menger wa Austria na William Stanley Jevons wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba tunathamini kitu kwa faida ya kile kipande cha mwisho tunachoongeza. Hakuna anayechagua kati ya maji yote ya dunia na tanzanite yote. Mtu huuliza dumu moja zaidi litamfaa nini. La kwanza ni la kunywa, linalofuata la kupikia, la mwisho la kuoshea pikipiki, na bei hulifuata hilo la mwisho. Kiangazi kikikaza hapo Simanjiro, hata dumu la mwisho linakuwa la kunywa, na bei inapaa. Tanzanite, tangu igunduliwe 1967, haijapatikana kwa biashara popote nje ya Mererani, kwa hiyo wanunuzi wanagombania kidogo kilichopo.

Kumbuka mwishoni mwa 2001. Zilipozuka tuhuma kwamba biashara ya tanzanite inafadhili magaidi, baadhi ya maduka makubwa ya Marekani yaliacha kuiuza na bei ikaporomoka. Mashimo yalikuwa na kina kilekile, jasho lilelile. Aliyebadilika ni mnunuzi. Kwa hiyo si jasho linaloleta bei; bei ndiyo inayowavuta watu washuke shimoni.

Kwa sufuria au mlango wa chuma mambo ni tofauti kidogo: bei ikizidi mno gharama, mafundi wengine wanaingia na kuishusha, kwa hiyo kazi ina uzito zaidi hapo.

Sasa jasho lako limekwenda wapi? Kama malipo yako ni mgawo baada ya jiwe kutoka, basi hasara ya shimo tupu umeibeba wewe pamoja na mwenye kitalu. Ungekuwa na mshahara, angeibeba yeye. Hilo huamuliwa katika makubaliano kabla hujashuka, na hapo ndipo pa kudai malipo ya uhakika ya kila mwezi, hata kama mgawo utapungua.