Maswali ya Wasomaji: Nambari Iliyokozwa Wino Pembeni mwa Farasi

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, nakaa Langoni, Lamu. Mwanangu aliyeko Marekani ameniletea kurasa za gazeti la mbio za farasi zilizochapishwa kabla ya Kentucky Derby, mbio mashuhuri ya farasi huko Marekani, na katika kila mstari wa rekodi ya farasi naona nambari moja iliyokozwa wino: 84, 91, 102. Aliniambia kwamba hiyo ndiyo alama ya kasi. Kinachonitatiza ni kwamba farasi mmoja aliyekimbia maili moja na moja ya nane kwa dakika 1 na sekunde 50 amepewa alama kubwa kuliko mwenziwe aliyekimbia masafa hayo hayo kwa dakika 1 na sekunde 49.4. Je, ni kosa la uchapaji? Ieleweke kwamba kamari sichezi. Naitaka hesabu tu.
Mwalimu, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu, na shikamoo. Uchapaji hauna kosa. Ili kulielewa jambo hili huna haja ya kufika Louisville, mji unaokimbiwa Derby hiyo. Toka nyumbani kwako ufuate njia ya ufukoni hadi Shela. Maji yakiwa yamekupwa, mtu hupita juu ya mchanga mgumu uliolowa, na kijana mwenye mbio hufika kabla hajaanza kuhema. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, hulazimika kupanda kwenye mchanga mkavu unaomeza mguu hadi kifundoni, na kijana yule yule, kwa nguvu zile zile, atachelewa. Anayetazama saa peke yake atasema kijana amedhoofika, ilhali kilichobadilika ni ardhi aliyoikanyaga.

Uwanja wa Churchill Downs, ambako Kentucky Derby hufanyika kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya Mei, ni wa udongo, na udongo huo hubadilika kwa mvua, kwa jua, kwa maji unayomwagiwa na kwa namna ulivyosawazishwa asubuhi ile. Viwanja vya Florida, California na New York, ambako farasi wengi hupitia kabla ya kufika huko, navyo kila kimoja kina tabia yake. Andrew Beyer, aliyekuwa mwandishi wa safu ya mbio za farasi katika gazeti la Washington Post, ndiye aliyeieneza katika miaka ya 1970 njia ya kuitoa athari ya uwanja kwenye saa, na tangu 1992 alama zinazoitwa kwa jina lake huchapishwa katika Daily Racing Form, ambalo kwa maelezo yako ndilo gazeti ulilonalo mkononi.

Hesabu yenyewe utaipenda. Kila masafa na kila daraja la farasi huwa na muda wake wa kawaida. Mbio za siku zikiisha, mpiga hesabu hulinganisha muda wa kila mbio na kawaida yake, kisha hutafuta wastani wa tofauti zile. Tuseme kwamba Jumamosi, katika uwanja mmoja, mbio zilichelewa kwa wastani wa sekunde 1, na Jumapili, katika uwanja mwingine, ziliwahi kwa sekunde 0.8. Farasi wako wa 1:50 alikimbia Jumamosi, kwa hiyo unampunguzia sekunde 1 na anabaki na 1:49. Yule wa 1:49.4 alikimbia Jumapili, unamwongezea 0.8 na anakuwa na 1:50.2. Aliyeonekana mwepesi kumbe yuko nyuma kwa sekunde 1.2, na kwa kuwa farasi katika mbio hupita urefu wa mwili wake kwa takriban moja ya tano ya sekunde, hiyo ni tofauti ya farasi sita waliopangwa pua kwa mkia. Baada ya hapo muda hugeuzwa kuwa alama, ili mbio fupi na ndefu zisomeke kwa kipimo kimoja, na ndiyo maana moja ya tano ya sekunde huwa na thamani kubwa zaidi katika mbio fupi.

Ugumu uko kwenye ule wastani. Siku ikiwa na mbio chache za masafa yale, au mvua ikanyesha baada ya mbio ya nne, mpiga hesabu hana budi kuamua mwenyewe zipi aziweke pamoja na zipi azitenge. Alama hii, pamoja na sura yake ya kisayansi, ina mkono wa mtu ndani yake.

SWALI: Nafanya kazi hotelini Malindi, na mwaka 2022 mgeni mmoja alinionyesha Kentucky Derby kwenye simu yake. Alikuwa amepanga farasi wote kwa alama za kasi, na aliyeshinda, Rich Strike, alikuwa karibu na mkia wa orodha yake. Kama nambari zinaweza kukosea kiasi hicho, faida yake ni nini?
Msomaji, Malindi

JIBU: Mgeni wako hakuwa peke yake. Rich Strike alilipa 80 kwa 1, yaani faida ya shilingi 80 kwa kila shilingi aliyowekewa, na katika historia yote ya mbio hiyo ni Donerail wa 1913 pekee aliyeshinda akiwa ametarajiwa kidogo kuliko yeye. Aliingia siku moja tu kabla, baada ya farasi mwingine kuondolewa.

Lakini tazama saa ya siku ile kipande kwa kipande. Robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78 na nusu maili kwa 45.36, mwendo wa farasi wa mbio fupi, ilhali Derby ni maili moja na robo, yaani zaidi kidogo ya mita 2,000. Nahodha anayefungua tanga lote mlangoni mwa bandari huku kusi ikivuma kwa nguvu anajua atakachokikuta mbele. Summer Is Tomorrow, aliyekuwa mbele mwanzoni, alimaliza wa mwisho katika farasi 20. Rich Strike alikuwa nyuma sana, akapita kandokando ya uzio wa ndani huku wenzake wakikata pumzi, na akaufikia mstari kwa 2:02.61. Muda huo si wa ajabu hata kidogo. Farasi Secretariat, katika Derby ya mwaka 1973, alitumia 1:59.4, na kila robo maili aliikimbia kwa kasi zaidi kuliko iliyotangulia, jambo ambalo mimi nikilisoma hata leo narudia kuzihesabu zile robo.

Alama ya kasi, basi, inakueleza farasi alifanya nini siku ile, katika mbio ile, kwa mwendo ule uliowekwa na waliotangulia. Aliyeongoza peke yake bila wa kumsumbua hupata alama nzuri ambayo huenda asiipate tena akiwekwa na wenzake watatu wenye tabia ya kutaka kuongoza. Kwa Derby kuna shida mbili zaidi. Farasi wote ni wa miaka mitatu, bado wanakua, kwa hiyo alama ya Januari huenda ikawa imepitwa ifikapo Mei. Mimi huzipa uzito mbio mbili za mwisho, na 85, 92, 97 hunivutia kuliko 101 moja iliyofuatwa na 88. Pili, mbio nyingi za kufuzu ni za maili moja na moja ya nane, na mita 200 za mwisho karibu wote hawajawahi kuzikimbia. Hapo nambari hunyamaza, na mtu hutazama nasaba na namna farasi alivyomaliza mbio iliyopita.

Kuna pia kona. Farasi aliyesukumwa nje na kundi la 20 amekimbia masafa marefu kuliko aliyeshika uzio, na alama za Beyer hazilihesabu hilo. Karatasi za Ragozin na Thoro-Graph, ambazo ni alama za kasi za wapiga hesabu wengine, hulihesabu, pamoja na uzito uliobebwa, ila mgeni wako akizitumia akumbuke kwamba humo nambari ndogo ndiyo bora.

SWALI: Je, tunaweza kuwapigia punda wetu wa Lamu alama za kasi?
Kijana, Mkomani

JIBU: Ungelijaribu ningefurahi, lakini mbio za punda ni chache mno kupata wastani wa siku, na punda akiamua kusimama hakuna jedwali litakalomsukuma. Anza na mashua. Pima safari moja, kwa chombo kile kile, mara ishirini au zaidi, na pembeni mwa kila muda uandike upepo, saa ya maji na kama mkondo ulikuwa wa kujaa au wa kupwa.